Pole Iliyokaa Jalada Jingine

Nilikuwa karani wa masjala hapa Sumbawanga kwa miaka mingi, na masjala hainitoki hata sasa nimestaafu. Barua ikiingia, unatazama mstari wa YAH, unaiweka kwenye jalada lake. YAH ikibadilika, unafungua jalada jipya. Msaidizi wangu mmoja aliwahi kuweka barua ya likizo kwenye jalada la samani, nikamgombeza mpaka akaomba uhamisho.

Ndiyo maana nilijiona mjanja nilipojiunga na kundi la wafuga nyuki. Kundi letu si la WhatsApp. Linatumia programu ya kizamani ya kusomea majadiliano, wengine wanayo kwenye simu, mimi kwenye kompyuta. Unavuta ujumbe wote kwa mkupuo, unazima bando, unasoma taratibu huku unakunywa chai. Kila ujumbe una kichwa chake, na ndani yake kuna namba zilizofichwa zinazoonyesha unajibu ujumbe upi, sawasawa na ile Kumb. Na. ya barua zetu. Programu nyingine hufuata namba tu. Hata watu wabadilishe kichwa mara kumi, mazungumzo yanabaki mnyororo mmoja. Yangu iliniuliza: kichwa kikibadilika, nianze mada mpya? Nikabofya ndiyo bila kufikiri mara mbili. Ikaniuliza kama nataka kuona mada ninazofuatilia tu. Ndiyo tena. Meza yangu haijawahi kuwa na takataka.

Mada niliyoifuatilia ilikuwa moja, siafu kwenye mizinga. Tuliijadili miaka minne, mimi na mzee mmoja wa Laela. Hatukuwahi kuonana wala kupeana namba za simu. Yeye alishikilia majivu, mimi oili chafu, na chini ya siafu hao hao tuliongea kila kitu: mvua, magoti, watoto wasiopiga simu. Mke wangu alisema ameletewa mke mwenza kutoka Laela.

Mke wangu alipofariki, niliandika huko huko chini ya siafu: mke wangu ametutoka, tunazika kesho kutwa, hapa kwetu Milanzi, Sumbawanga. Majirani walijaa, walipika, walilala msibani, kisha wakaondoka mmoja mmoja mpaka nikabaki na kuku wake wawili. Nikafungua kompyuta. Chini ya siafu palikuwa na ujumbe mmoja tu, uliotumwa kabla ya msiba, wa mtu wa mbali akiuliza kama majivu ya mkaa yanafaa.

Majivu ya mkaa! Nilitaka kuitupa ile kompyuta kisimani. Wengine niliwasamehe, kwani hatujuani. Yule wa Laela sikumsamehe. Kila asubuhi nilivuta ujumbe, nikatazama siafu, sioni kitu, nikafunga. Kwa kiburi changu sikuandika hata neno moja kuuliza. Upweke wa nyumba nilikuwa naanza kuuzoea. Huu wa kuachwa na mtu ambaye hata sura yake siijui ndio ulionishinda. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili, nusu nawapa kuku.

Miezi minane baadaye siafu wakaivamia tena mizinga. Nilitaka kutafuta ushauri kwenye mada nyingine, nikaondoa ile alama ya kuona ninazofuatilia tu. Orodha ikafunguka. Katikati yake palikuwa na kichwa nisichowahi kukiona: Pole sana mzee mwenzangu. Ujumbe thelathini na mmoja.

Wa kwanza ulitoka Laela. "Nimebadilisha kichwa. Kukupa pole chini ya siafu siwezi, haina heshima." Wakafuata wenzetu wote, hata yule wa majivu ya mkaa. Halafu yeye tena. "Nakuja kuzika, nielekeze nyumba." "Nipo stendi, nasubiri jibu lako." "Nimefika Milanzi. Naambiwa misiba ipo miwili." Kisha wa mwisho, wa wiki mbili baadaye: "Naona hukutaka nije. Basi, sitakusumbua tena."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikafungua zile namba zilizofichwa, na zote zilielekeza kwenye ujumbe wangu wa msiba. Yeye hakukosea lolote. Mimi ndiye niliyeifungulia pole yake jalada jipya na kulifungia kabatini kwa mikono yangu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona ofisini.

Kesho yake nikapanda basi la Laela. Pale wanunuzi wa mahindi wanapoegesha malori nikamuuliza mama muuza chai kama anamjua mzee mfuga nyuki, mbishi sana.

"Huyo wa majivu?" akacheka, akaninyooshea njia.

Nilimkuta uani anaanika mahindi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania.

"Hodi, mwenzangu," nikasema. "Mimi ni yule wa siafu. Wa Milanzi."

Akaacha mahindi, akasimama. Nikaanza kumweleza habari za vichwa na namba na majalada, maneno yakanisongamana, nikayaacha.

"Pole yako sikuiona," nikasema. "Nimeiona jana. Nisamehe."

Akanivutia kigoda.

"Nilikuja," akasema. "Msiba wa kwanza niliouona Milanzi nikaingia. Nilichimba kaburi na watu wa pale, asali niliyokuletea nikawaachia wafiwa. Waliposoma wasifu ndipo nikajua marehemu ni mwanaume."

"Sasa mbona hukuja kwenye ule mwingine?"

Akaokota punje moja ya mahindi, akaigeuzageuza kiganjani.

"Nilikuwa nimeshaanza kumlilia mkeo," akasema. "Nikamalizia hapo hapo."