Mafuta ya Mandazi Kwenye Kitasa

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kumimina mafuta ya kupikia ndani ya kitasa cha gari la mtu.

Nilikuwa nimejifunza vitasa peke yangu, kwa video za simu na kwa kufungua makufuli ya nyumbani kwetu mtaa wa Pioneer, hadi mama akaanza kuyaficha. Mteja wangu wa kwanza alikuwa jirani, mama anayenunua mahindi mashambani na kuyauza mjini. Ufunguo ulikuwa mzito kwenye mlango wa dereva. Nilijua kitasa kinataka kilainishi kikavu. Sikuwa nacho, na kusema hivyo mbele ya mteja wa kwanza kulinishinda. Nikaingia jikoni, nikachukua mafuta yaliyobaki baada ya mandazi ya asubuhi. Niliyachuja mara mbili kwa kitambaa safi, kwa sababu napenda kazi safi.

Ufunguo ukazunguka vizuri sana. Yule mama akawatangazia wenzake wote wa kanisani kwamba amepata fundi.

Kisha mavuno yakaanza. Kila siku alikuwa barabara ya Moi's Bridge akinunua mahindi, akirudi na gari limejaa vumbi na makapi ya mahindi. Jumamosi moja asubuhi akaniita. Ufunguo uliingia nusu tu, ukagoma. Milango mingine haikuwa na tundu linalofanya kazi, na ndani ya gari kulikuwa na mablanketi ya kuwapelekea wakwe. Walikuwa wanaenda Kaptagat kumposea mwanawe mke, na walitakiwa kufika kabla ya saa sita. Wanawake wanne waliovaa sare za kitenge walikuwa wamelizunguka gari, wakinitazama.

Nikaanza kulaumu vumbi. Nililaumu barabara, nikalaumu hata umri wa gari. Yule mama alichomoa ufunguo, akaunusa, kisha akampa mwenzake naye anuse.

"Fundi," akasema taratibu, "hili vumbi la Moi's Bridge mbona linanukia mandazi?"

Wakacheka wote. Nilitaka kukana, lakini masikio yalikuwa yameshawaka moto. Nikakiri: mafuta yalikuwa yangu, yameshika vumbi, na ndani ya kitasa sasa kuna kitu kama ugali. Nikamwambia pia kwamba sina hakika nitaweza kukifungua. Nilingoja anifukuze.

Alitazama saa, kisha akaniuliza nahitaji nini. Nikaomba mafuta taa, sirinji na pampu ya baiskeli. Vikaletwa upesi kuliko nilivyotarajia. Nilidunga mafuta taa kwenye tundu, nikapuliza kwa pampu, nikaingiza ufunguo, nikautoa na kuufuta. Kila mara ulitoka na uchafu mweusi, na kila mara niliukagua kwa makini, meno yote, upande huu na ule.

"Kijana, anayeoa ni wewe ama ni mwanangu?" akauliza yule mama. "Huo ufunguo umeoga kuliko bwana harusi."

Mmoja wa wenzake akasema niachwe, pengine baadaye nitaupaka na mafuta ya kujipaka. Nilicheka bila kutaka, nikarudi kwenye tundu. Ufunguo ukaingia wote. Nikausugua kwa risasi ya penseli, ambayo nayo ni kilainishi kikavu, nikauzungusha polepole, na mlango ukafunguka. Nilitaka kuendelea kusafisha, maana bado kulikuwa na uchafu kidogo, lakini yule mama alinisukuma pembeni kwa kiuno akaingia. Wakaondoka saa tatu na nusu. Jioni alinipigia simu kuniambia kwamba walifika mapema na mkwe wamepewa.

Tangu siku ile, nikiwa sina kifaa au sijui ugonjwa wa kitasa, namwambia mwenye gari kabla sijakigusa.