Kaka yangu alikuwa akiuliza Mama yuko wapi, na hatukuwa na njia ya kumjibu

Wakuu, hamjambo. Huku kwetu upande wa Bomet mvua imekataa kuacha, nikaona nikae niandike hii. Sijatia chumvi, na mwenyewe ameniruhusu.

Kaka yangu Kiprono ni kipofu tangu utotoni. Alisoma breli shule ya wasioona, akarudi nyumbani akawa mchumaji wa chai yetu. Huchuma kwa kupapasa.

Mwaka jana aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa Kericho. Akiwa wodini, Mama akafariki ghafla, tukamzika. Kiprono aliporudi, masikio yalikuwa yamekufa kabisa.

Fikirieni hapo. Haoni, hasikii, lakini anaongea vizuri tu. Kila asubuhi nikimpa kikombe cha chai anauliza, "Mama ako wapi?"

Namshika mkono. Basi.

Mtasema ningemchorea herufi kiganjani. Herufi zenu hajawahi kuziona. Na breli hakuna aliyejifunza pale nyumbani, maana alikuwa akisikia, tukaona ya nini.

Tukampeleka kaburini kando ya shamba, tukamshikisha udongo. Akaupapasa, akatabasamu.

"Mmeongeza miche?"

Kisha akaukanyaga kwa gambuti zake za mpira polepole, vile sisi hushindilia mche wa chai ushike. Shangazi alilia mpaka akaketi chini.

Niliulizia huku na kule, mwalimu mmoja wa breli akatuazima braille display. Ni kimashine cha kutosha mapajani. Unaandika kwa simu, herufi za kawaida, na vidoti vinainuka juu yake. Msomaji anapitisha kidole. (Jirani alikuja akadhani ni redio, akaniambia niongeze sauti. Nikamwambia haina.)

Mwalimu akaandika jina la kaka. Kiprono akapapasa, akapapasa tena.

"Hii kitu ni laini. Hakuna kitu hapa."

Mwalimu akavigeuza vile vidole. Miaka ya kuvunja majani ilikuwa imevikausha, ngozi ngumu, nyeusi kwa utomvu. "Huyu lazima apumzishe chai kwanza," akasema.

Rahisi kusema. Chai ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na ningemweleza vipi? Nikaficha kikapu chake. Alikitafuta nyumba nzima, kisha akakaa mlangoni.

"Hata chai mmeninyima. Nimewakosea nini?"

Wakuu, niliumia. Nilikaribia kukirudisha.

Kila jioni nikimaliza kukamua nilimpaka vidole milking jelly, mafuta yaleyale ya kupaka chuchu za ng'ombe. Mwanzoni aliuvuta mkono. Baadaye akawa anauleta mwenyewe, nadhani kwa upweke tu.

Ngozi ilipolainika, nikawasha kile kimashine, nikaandika jina lake tena. Kidole kikasimama.

"Kiprono," akasema. Halafu hakungoja: "Mama ako wapi?"

Nilikuwa nimeiombea siku hiyo, sasa ikafika. Nikaandika: Mama alikufa ukiwa hospitali. Tulimzika kando ya chai.

Alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Ile mchanga mlinishikisha."

Nikaandika: Ndiyo.

"Na mimi nikakanyaga."

Akaomba nimpeleke kaburini. Alipofika alivua gambuti, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuusawazisha udongo kwa viganja, akitafuta pale alipokanyaga. Alama ya mguu ilikuwa imefutwa na mvua zamani, lakini hiyo sikumwandikia.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu kama huyu ukimshika mkono tu, unajifariji wewe. Yeye anataka jibu, hata likiwa la kuumiza.

Kikapu nimemrudishia. Ameamua mwenyewe: mkono wa kulia unachuma, wa kushoto ni wa kusoma. Anachuma polepole sasa, lakini jioni ananiuliza habari za kijiji mpaka nachoka kuandika.

Kimashine ni cha kuazima na tutakirudisha, so anayejua namna ya kupata chetu aseme. Na wenye ndugu kama yeye, nyumbani mnaongea vipi? Andikeni hapo chini. Comments nitampitishia, atazisoma mwenyewe.