Disketi za Marehemu

Miaka ya tisini, mfumo mpya wa uendeshaji uliifanya laptopu yangu ijikokote kama ng'ombe mgonjwa, nikaamua kuurudisha ule wa zamani. Disketi za kuuweka nilipewa na mjane wa mwenzangu wa kazini, ambaye tulikuwa tumemzika kwao Bondo mwezi uliotangulia.

Mchana, nyumbani Nyalenda, nikaingiza ya kwanza. Mashine iliuliza jina, nikaandika langu. Ikalia, na kwenye kioo likatokea jina la marehemu: disketi hizi ni zake. Nilijua sababu. Disketi zile huhifadhi jina la aliyezitumia kwanza. Kujua hakukunisaidia. Nilipoanza upya, ikalia tena. Mara ya tatu nikaikaripia kama mtu, na hilo likanikasirisha.

Mama, aliyekuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, mlangoni, alinisikia nikilitaja jina la marehemu, lakini hakuinua hata kichwa.

"Mtoto akilia hivyo, si tunamtajia majina ya waliokufa mpaka anyamazie moja, likawa lake? Iandikie la huyo marehemu."

"Mama, hii ni mashine!"

Lakini niliandika. Ikanyamaza, ikapokea disketi zote.

Tangu hapo, kila asubuhi nilipoiwasha, Mama aliuliza kutoka jikoni, "Ameamka?"

Wiki ya kwanza nilimrekebisha, "Imewaka." Ya pili nikasema, "Ameamka, Mama."