Mtutu wa Kushoto

Tangu mbwa wake Birka afe, Lambert Ogris alikuwa na mshtakiwa mmoja tu: mtutu wa kushoto wa bunduki yake. Mbwa huyo alikuwa amemzingira nguruwe mwitu kwenye vichaka vya mto Drava. Lambert akafyatua mtutu wa kulia, nguruwe akayumba. Akafyatua wa kushoto ili ammalize, na aliyeanguka ni Birka. Alimwekea tawi la msonobari mdomoni, kama wawindaji wanavyomwekea mnyama waliyemuua. Alipomfikisha nyumbani, mkewe Roswitha alilichomoa tawi lile, akalitupa. "Huyu hukumwinda," alisema. Hawakulizungumza tena.

Bunduki ilikuwa ya babu yake, mitutu miwili iliyoungwa ubavu kwa ubavu, na risasi zake hazitengenezwi tena kiwandani. Lambert alizijaza mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Bunduki ya namna hii ina madeko yake. Baruti ikizidi, risasi za mitutu miwili hupishana njiani. Ikipungua, kila moja hushika upande wake. Ikiwa sawasawa, zinakaa pamoja kwenye shabaha. Lambert akajipa moyo: akipata kipimo kitakachoipatanisha mitutu, itajulikana kuwa kipimo chake cha zamani ndicho kilichomuua Birka, wala si mkono wake.

Majira yote ya baridi alipunguza, akaongeza, akabadili baruti, na kila Jumamosi alikwenda uwanja wa shabaha. Mtutu wa kulia ulipiga katikati kila mara. Wa kushoto ulipiga chini. Mara chini huku, mara chini kule, na siku moja ulitifua udongo tu. Hapo ndipo akili ilipomruka. Baruti ikikosewa, risasi hupotea kwa utaratibu, lakini hizi zilikwenda ovyo kama kuku waliofunguliwa banda. Mezani alizitoboa kasnudel zake, vile vifuko vya unga vyenye jibini ndani, kwa uma, matundu mawili mawili, mpaka zikapoa, na Roswitha akamuuliza kama anakula au anazilenga.

Mwishowe akameza kiburi, akaipeleka bunduki kwa Hanzi, fundi bunduki jirani yake. Hanzi aliichungulia mitutu, wakaenda wote uwanjani, na fundi akafyatua mwenyewe risasi zilizojazwa kwa kipimo kile kile cha zamani. Matundu mawili yakakaa jirani, yai lingeyafunika yote.

"Mitutu yako inapatana kuliko wewe na Roswitha," Hanzi alisema.

Lambert alizidi kuchanganyikiwa. Akasema labda ni upepo, labda ni baridi, labda Hanzi ana bahati. Fundi hakubisha. Akampa mgongo, akaijaza bunduki, akaifunga, akamkabidhi.

Mtutu wa kulia ulilia, katikati kabisa. Lambert akavuta wa kushoto, ikasikika "ta" tu. Hanzi alikuwa ameweka ganda tupu la risasi kwenye mtutu ule. Na bila mlipuko wowote, mdomo wa bunduki uliinama chini kama kuku anayedonoa, na Lambert akauona kwa macho yake mwenyewe.

"Unaiogopa risasi ya pili, ndugu yangu," Hanzi alisema taratibu. "Kabla haijalia, umeshainama."

Lambert aliifungua bunduki, akalitazama lile ganda, akaona aibu, kisha akaona huruma, hakujua ni ya nani.

Nyumbani alimkuta Roswitha akimenya viazi. Akamweleza yote bila kuficha: kipimo cha zamani hakikuwa na kosa, mtutu haukuwa na kosa. Halafu akatoa lile lililomzunguka kichwani njia nzima.

"Huu woga, Roswitha. Nilikuwa nao siku ile, ndio ukamuua? Au umeniingia kwa sababu alikufa?"

Roswitha aliweka kisu chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu lile tawi.

"Mimi nilikuwa hapa jikoni, mume wangu," alisema. "Aliyekuwepo ni Birka."