Mafuta ya Korosho kwenye Mgongo wa Kifaru

Watu wengi wakisema kifaru wanafikiria mzinga. Mimi nilikuwa fundi, nafikiria mgongo. Injini imelala huko nyuma, chini ya mfuniko wa chuma ambao watu wawili wenye afya huunyanyua wakiguna, na usipoufungua huwezi kupima oili, wala kukaza mkanda wa feni, wala kutoa hewa kwenye mabomba ya dizeli. Miaka ya tisini, katika kambi ya jeshi Nachingwea, mfuniko ule niliujua kuliko mlango wa nyumba yangu.

Nilifanya kazi na dereva wa kifaru chetu, Mmwera wa Mbekenyera, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Mimi ni Mmakua, kwa hiyo tulikuwa watani, na haikupita siku bila yeye kunichokoza. "Mmakua, hiyo ni spana, siyo panya. Ishike vizuri." Nami nilimjibu kwamba Wamwera wamekijua chuma juzi tu. Utani ukiisha, nilimwita mjomba.

Kifaru kilikuwa cha zamani na vipuri vyake havikuja tena. Mwaka mmoja tukaambiwa kitaegeshwa masika yote, halafu wakaguzi watakuja kuamua: kikiwaka kitabaki, kisipowaka kitakuwa chuma chakavu. Mjomba alitaka jambo moja tu kabla ya kustaafu, akitoe bandani kwa injini yake chenyewe. "Nikisikie kikikohoa," alisema, "kisha niende zangu kulima ufuta."

Tukamwaga dizeli, tukatoa betri, tukaipaka injini oili, tukafunga. Ndipo akaanza kuiwaza kutu. Banda lilivuja na stoo haikuwa na grisi. Huku kwetu kila mtu anajua dawa ya nguzo: unachoma maganda ya korosho, unakinga mafuta yake meusi, unapaka, na mchwa hagusi wala maji hayapenyi. Akaenda Nambambo kwa shemeji yake, akarudi na kidumu. Akapaka kwa unyoya wa kuku kila boliti, kila bawaba na ukingo mzima wa mfuniko, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Vidole vikambabuka kwa ukali wa mafuta hayo. Nilimcheka, lakini moyoni niliona amefanya la maana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba nguzo haifunguliwi.

Masika yakapita, wakaguzi wakaja, mfuniko ukakataa. Mafuta yalikuwa yamepenya hadi kwenye nyuzi za boliti, yakakauka, yakashika kuliko gundi. Tuliongeza bomba kwenye mpini wa spana tupate nguvu, vichwa vya boliti vikakatika. Nikaomba kupasha moto, nikakatazwa kwa sababu ya mabaki ya dizeli, na hapo walikuwa na haki. Nisichowasamehe ni kwamba walikaa kivulini wakitazama saa, na hakuna aliyeinama kutazama tunahangaika na nini. Mjomba, nyundo mkononi, aliwaomba: "Wakubwa, tupeni kesho tu." Hawakutupa. Waliandika kwamba injini haifai, injini ambayo hawakuiona. Kifaru kikavutwa na kingine hadi nyuma ya karakana, naye mjomba akatembea kando yake hadi kiliposimama.

Alistaafu akarudi kwao. Miaka ya elfu mbili wanunuzi wa chuma wakaja na mitungi yao ya gesi, wakaukata mfuniko mbele yangu. Ulipodondoka niliona injini yetu, oili ingali inang'aa, pasipo doa la kutu. Masika yote yale, na hakuna tone lililopita. Nilikasirika, na sikuwa na wa kumgombeza.

Nilipopata likizo nikapanda basi dogo hadi Ruangwa, kisha bodaboda hadi Mbekenyera. Nikamkuta uani akipepeta ufuta. Tukataniana, mkewe akatuletea chai na mihogo. Kisha akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Kile kifaru walikifungua?"

"Walikikata, mjomba."

"Ndani je?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia kulikuwa kumeoza. Lakini aliinua uso akanitazama vile alivyokuwa akinitazama kazini, akisubiri nimwambie kipimo cha oili, nami sikuweza kumdanganya.

"Safi. Kama tulivyofunga."

Akatabasamu, akamtazama mkewe. "Umesikia? Mafuta yangu." Nilifurahi, nikadhani nimemletea zawadi. Kisha tabasamu likamtoka polepole.

"Kwa hiyo kingewaka."

"Kingewaka, mjomba."

Aliweka ungo chini. Nilimchokoza Umwera wake, akaanza kuokota punje za ufuta zilizomwagika. Nikajitukana mwenyewe, Mmakua mla panya, akainuka. Alinisindikiza hadi barabarani, akanipa mkono, akarudi. Hadi leo najuta kwamba sikusema kulikuwa kumeoza. Kutu angeizoea.