Mbwa wa Shaibu: Shambani Wanamtaka, Mlangoni Hawamtaki

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, Shaibu Likwanda amesimama kando ya shamba la muhogo hapa Matambarale, anaita mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

"Haambiliki! Njoo! Njoo hapa wewe!"

Mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika amekaa kitako juu ya tuta, anatazama upande mwingine kabisa. Upande huo yuko Fransisko, mwenzake Shaibu katika uwindaji. Fransisko anakohoa tu. Mbwa anainuka, mkia unapepea, anamfuata.

Shaibu anatema mate chini. "Mbwa wangu. Ugali anakula kwangu. Amri anapokea kwa mwingine. Umepata kuona dharau kama hii?" anamuuliza mwandishi.

Ukaidi huo unaweza kumtoa roho mbwa. Wiki iliyopita Haambiliki alimkurupusha nguruwe mwitu, akaitwa arudi, akajifanya kiziwi. Alimfukuza nguruwe mpaka uani kwa Abdala, shemeji yake Shaibu, wakapindua mtungi wa maji ya udhu na kukanyaga mkeka wa kuswalia. Wanakijiji wakakaa kikao, wakakata shauri. Mbwa aanze kusikia sauti ya mwenyewe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, ama achomwe mkuki.

"Nani kawalindia mihogo tangu masika?" Shaibu anafoka. "Nguruwe akiwa shambani, mbwa ni wetu sote. Nguruwe akifa, mbwa ni wa Shaibu, na Shaibu mwenyewe ananuka."

Ana haki ya kukasirika. Zamani nguruwe walikuwa na pori lao na watu walikuwa na mashamba yao. Kisha matingatinga ya Waingereza yakaja Nachingwea kung'oa miti ili zilimwe karanga. Leo, mwaka 1953, karanga zimeshindikana na mashine zimenyamaza, ila pori halikurudi. Kwa maelezo ya Shaibu, nguruwe walihamia kwenye mihogo ya wanyonge, na hakuna bwana yeyote aliyekuja kuuliza hali.

Mwaka juzi walimfukulia shamba zima. Mkewe Zaina na watoto wanne wakawa wanashinda porini wakichimba ming'oko, mizizi ya kula wakati wa njaa. "Mdogo alivimba miguu," anasema Zaina. "Waliokuja kutupa pole ndio hao hao wanaotaka kumuua mbwa."

Baada ya njaa hiyo Fransisko, Mkristo waliyefyeka naye pori kule Nachingwea, alimpa Shaibu mtoto wa mbwa. Wakagawana kazi. Shaibu alimfunza mbwa kunusa nyayo, kumzunguka nguruwe na kumbwekea bila kumsogelea meno, mpaka wenye mikuki wafike. Nguruwe akianguka, Shaibu, Mwislamu aliyelelewa katika chuo cha Kurani, alikaa pembeni. Fransisko ndiye aliyepasua, akachukua nyama, akamrushia mbwa ini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wote wawili hawakuliona.

"Nilichelewa kumwambia," anakiri Fransisko. "Juzi ndipo nilipomwambia: Bwana Shaibu, ugali mbwa anaupata hata akilala. Ini analipata akifanya kazi. Anayempa ini ndiye anayemjua kuwa mkubwa wake."

Shaibu alikwenda kwa mwalimu wa chuo kuuliza kama anaweza kulishika ini la nguruwe. Mwalimu alimjibu bila kumung'unya maneno: kula hapana, ila mkono uliogusa nguruwe kwa dharura huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kisha mtu anaswali swala yake.

Kwa hiyo asubuhi hii, mbwa anapombana nguruwe dume kwenye shamba la Abdala mwenyewe na mikuki inapomaliza kazi, Shaibu hakai pembeni. Anakunja mikono ya kanzu kuukuu, anaingiza mkono tumboni mwa mnyama, anatoa ini linalofuka mvuke. Haambiliki anamtazama Fransisko; Fransisko anampa mgongo. Mbwa anasogea polepole, analila ini kwenye kiganja cha Shaibu.

"Astaghfirullah!" Abdala anapiga kelele kutoka kwenye njia. "Shemeji, unashika nguruwe mbele ya watu?"

"Mkono wangu nitauosha, shemeji," Shaibu anamjibu, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Mihogo yako ingeliwa, ungeiosha kwa nini?"

Shaibu anashuka mtoni na kuosha kama alivyofundishwa, anasugua udongo mpaka ngozi inakuwa nyekundu.

Amekuwa akimlisha mbwa ini na kuosha hivyo kwa kila nguruwe aliyeanguka tangu siku hiyo. Mwandishi aliporudi Matambarale mwishoni mwa Shaaban, siku chache kabla ya Ramadhani, alimkuta Haambiliki katikati ya mbio, nguruwe yuko mbele yake, nyumba za watu zimekaribia. Shaibu aliita mara moja. Mbwa alisimama. Alimwangalia nguruwe akitokomea, akanung'unika kama mzee aliyenyimwa ugoro, kisha akarudi akalala miguuni pa Shaibu. Zaina, aliyekuwa akipura mtama, alipiga kigelegele.

Mbwa amepona. Hasira ya Shaibu haijapona. Fransisko ana jike lenye mimba, na Shaibu anataka watoto wawili awafunze kwa mkono wake tangu mwanzo, kwa ajili ya Matambarale na hata kijiji cha jirani cha Mandawa wakimtaka. Lakini hatawapeleka kwenye shamba la mtu kwa kificho, akipitia nyuma ya nyumba kama mwizi.

Sharti hilo limeanza kwa shemeji yake. Abdala alikuja akisimama mbali, kanzu ameishika isiguse kitu, akaomba mbwa apelekwe tena shambani kwake bondeni.

"Nitakuja," alisema Shaibu, akamnyooshea kamba ya mbwa. "Ila utamshika wewe, shemeji. Na tutapita mbele ya msikiti, watu wakitoka kuswali."