Kwao Mkewe, Juu ya Mbale

Jumamosi nilikuwa juu ya mji wa Mbale, pale barabara ya mlimani inapopinda ukingoni mwa genge, wakati gari jekundu la spoti liliposimama karibu nami. Dereva, askari magereza mstaafu kutoka Jinja, alishuka akijishika magoti. Mkewe, mzaliwa wa mlima ule, alibaki ndani.

Mzee alitazama maporomoko ya maji, kisha mawingu yaliyotanda chini ya miguu yetu. Akavua kofia.

“Mama watoto, kumbe kwenu iko hivi?”

“Nimekuambia miaka thelathini, afande. Ulisema najisifu.”

Mzee alizunguka gari, akamfungulia mlango, wakasimama wameshikana mikono.

Kutoka Jinja hadi pale ni safari ya nusu siku. Wengine wetu hutuchukua ndoa nzima kufika.